Urithi wa Mathew Kiplangat

Kisichobebeka kwa baiskeli hakiingii nyumbani. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea Mathew Kiplangat mwaka alipouza pikapu yake, na kwa miaka kumi na mmoja hakuivunja hata siku moja, ingawa alipewa sababu nyingi za kuivunja, na nyingi kati ya hizo alipewa na mkewe.

Sheria yenyewe haikuwa na upendeleo. Ndama alibebeka, akaingia, amefungwa ndani ya gunia kichwa kikiwa nje. Mabati ishirini yalibebeka, moja kwa siku, kwa siku ishirini. Mlango wa jikoni ulibebeka pia, ijapokuwa upepo uliukamata pale juu ya mlima ukamtupa Mathew na mlango wake katikati ya shamba la chai la jirani, na wachumaji wakaapa kwamba walimsikia akibisha hodi kabla ya kutoka chini yake. Friji ndiyo iliyokataa. Mathew aliijaribu kwa moyo safi, kutoka dukani Roret, mbele ya mkewe. Walipofika kwenye mwinuko gurudumu la mbele likainuka kama farasi aliyeona nyoka, na friji ikarudi dukani kwa mkokoteni.

"Umeona mwenyewe, Mama Dorine," alisema Mathew akijipangusa matope. "Si mimi. Ni mlima."

Mathew alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani ya chai, huko upande wa Kiptere. Kazi yake ilikuwa kupokea vikapu vya wakulima, kutundika magunia kwenye mizani, kusoma na kuandika. Aliwajua watu kwa uzito wao. Aliwaona wakichuma mwaka mzima kwenye baridi na mvua ya mawe, na kila Oktoba, bonasi ya chai ilipoingia, aliwaona wakigeuka. Kufikia Jumamosi ya wiki hiyo kulikuwa na televisheni pana kuliko madirisha, na makochi ambayo ilibidi ukuta ubomolewe ndipo yaingie. Kufikia Krismasi watu walikuwa wanachuma tena kwenye mvua ileile, wakinuna zaidi. Mtu mzima, mwenye akili zake na cheti cha ubatizo, anabomoa nyumba ili aingize kiti!

Yeye mwenyewe hakuwa bora. Alikuwa na pikapu iliyokula kila alichopata na kulala gereji zaidi ya ilivyolala nyumbani. Siku alipoiuza alinunua baiskeli nyeusi ya chuma, blakimamba, nzito kama dhambi ya zamani, na jioni ile akaipanda kupitia barabara ya marram, isiyo na lami, inayokata shamba kubwa la kampuni ya chai. Alipanda akihema mpaka kwenye kona ya juu kabisa, akakaa juu ya jiwe, akapumua. Kisha akateremka nyumbani miguu ikiwa imetoka kwenye pedeli. Kesho yake akarudia. Baada ya miezi mitatu aligundua, akiwa juu ya jiwe lile, kwamba siku nzima ilikuwa imepita bila kutamani kitu chochote. Alijipapasa mifukoni kama mtu aliyeangusha kitambulisho.

Mkewe, Elmina Nyamusi, hakupanda baiskeli hiyo na hakuielewa. Yeye alikuwa binti wa Mkisii aliyekuja zamani kuchuma chai kwenye mashamba makubwa akabaki. Kikipsigis hakikumwingia vizuri, na Kikisii hakikumwingia Mathew kabisa, kwa hiyo nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili walichumbiana, kwa Kiswahili walimlea Dorine mpaka akaolewa Bomet, na kwa Kiswahili karibu waachane.

Ilikuwa Jumapili ya Novemba, wiki chache baada ya bonasi. Katika kanisa lao ilikuwa desturi kwamba kila aliyenunua kitu alisimama kushuhudia. Mmoja alishuhudia pikipiki, mwingine tangi la maji. Chepkurui, jirani ya Mathew na mweka hazina wa kina mama, alishuhudia oveni ya umeme, ingawa umeme ulikuwa bado haujafika kwake. Mathew alisikiliza mpaka moyo ukajaa. Hakuwa mtu wa kusimama mbele ya watu. Siku hiyo alisimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mimi sikununua kitu."

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mtu mmoja akakohoa.

"Sikununua kitu kwa sababu sina haja. Wandugu, nataka kusema leo: mimi nimerithi."

Alikuwa anataka kusema ameridhika. Lakini furaha ilikata neno mkia, na isitoshe, herufi dh haikuwahi kukaa kinywani mwa Mathew tangu azaliwe. Kwake dhahabu ilikuwa thahabu, dhambi ilikuwa thambi, na kuridhi kulikuwa kurithi. Basi watu mia mbili wakasikia kwa masikio yao kwamba karani wa majani amerithi mali, na paa likatikiswa na amina ambayo haijawahi kupewa mtu aliyeridhika, tangu dunia iumbwe. Kwenye safu ya kwaya, Elmina aliangusha kitabu cha nyimbo.

Alingoja mpaka walipofika nyumbani. Alimwekea chakula, akaketi mbele yake kwenye benchi.

"Baba Dorine, umerithi nini?"

"Kila kitu," alisema Mathew, akiwa bado na uso wa ibada. "Nimerithi na kila kitu. Hii nyumba. Ng'ombe. Hata wewe."

"Hata mimi?"

"Wewe hasa."

"Kwani mimi ni mjane wa nani?"

Mathew hakuelewa swali hilo, akalichukua kuwa mzaha wa mapenzi, akacheka. Elmina hakucheka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Ukitaka ukweli, tangu niuze ile pikapu. Miaka kumi na mmoja. Sema tu sikuwa nimekuambia."

Elmina alihesabu miaka hiyo kwa vidole. Ilikuwa miaka kumi na mmoja ya kupoza maziwa kwenye sufuria ya maji baridi, na ya wageni wake kukaa kwenye benchi kama watu waliokuja zahanati, na wakati wote huo mwanamume huyu alikuwa mrithi! Aliinuka akaenda chumbani. Mathew akamalizia ugali akishukuru.

Jumatatu asubuhi, kwenye kituo, ndipo alipojua kilichotokea. Foleni ya wakulima ilikuwa imenyooka na watu wamevua kofia.

"Mheshimiwa, hongera," alisema wa kwanza, akiweka kikapu taratibu kama yai.

"Hongera ya nini?"

"Ya urithi, mzee. Tulikusikia jana. Ulisema nimerithi."

Mathew aliona giza. "Hapana! Mlisikia vibaya! Mimi sikusema nimerithi. Nilisema nimerithi!"

"Ndiyo," wakasema wote. "Tulisikia."

"Si kurithi! Ni kurithi! Kurithi, ya moyo!"

"Ya moyo pia Mungu atakupa," alisema Chepkurui kutoka nyuma ya foleni.

Akajaribu maneno mengine, na kila neno likamzamisha zaidi. Aliposema ametosheka, walitazamana wakasema urithi umetosha. Aliposema hahitaji kitu, walisema ni nani asiyehitaji kitu kama si tajiri. Aliposema hana kitu, walicheka mpaka wakashika mizani, kwa sababu kila mtu anajua kwamba matajiri wote husema hivyohivyo. Mtu aliyeridhika na mtu aliyeficha mali husema maneno yaleyale, na watu wa siku hizi wamewaona wa pili tu.

Kufikia Jumatano ilikuwa imejulikana amerithi kutoka kwa nani. Ilikuwa ni kwa mzungu mmoja wa zamani, asiye na mtoto, ambaye baba yake Mathew aliwahi kumvuta kutoka mtoni. Mzungu huyo hakuwahi kuwepo, lakini tayari alikuwa na jina, mbwa wawili na ugonjwa uliomuua. Ushahidi mkubwa ulikuwa baiskeli.

"Fikiria," alisema Chepkurui, "maskini anaweza kupanda baiskeli kwa hiari? Maskini anapanda boda, anakopa. Hawa wazungu wanaopita hapa na baiskeli, umewahi kuona aliye na njaa? Hii ni mambo ya mali nzito."

Ndipo wazimu ukaingia. Bosire, fundi na muuzaji wa makochi kule Roret, aliona mbali akaagiza baiskeli. Ziliisha. Wanaume walioapa kutotembea hata mita hamsini sasa waliuza mbuzi wanunue baiskeli za gia ishirini na moja, na kofia ngumu, na glavu zisizo na vidole, ili majirani nao wawashuku urithi. Mzee mmoja wa kanisa alinunua ile kaptura ya kubana ya waendesha baiskeli na akaja nayo kwenye kikao, na kamati nzima ikajadili kwa muda wa saa moja ikitazama dari. Hivyo ndivyo kitu pekee kilichomfundisha Mathew kutotamani kilivyogeuzwa kuwa kitu cha kutamaniwa.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu Elmina hakupiga kelele. Siku ya Alhamisi Mathew alikuta sanduku la nguo la mkewe karibu na mlango.

"Nimempigia kaka yangu," alisema Elmina. "Atakuja Jumamosi. Utasema mali iko wapi mbele yake. Ukisema, tutaongea. Ukikataa, mimi naenda na yeye, na hiyo sheria yako utabaki ukiibeba kwa baiskeli."

"Mama Dorine, hakuna mali."

"Sitaki mali, Baba Dorine. Nimekaa na wewe bila mali na sijafa. Lakini siwezi kukaa na mtu amenificha kitu miaka kumi na mmoja huku ananiambia ni mlima."

Mathew alielewa hapo kwamba kinachoondoka mlangoni si sanduku. Hakulala vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu auze pikapu alitamani kitu: alitamani herufi moja.

Jumamosi Nyamweya, kaka yake Elmina, alifika na wazee wawili kutoka kwao. Alikuwa mtu mnene, mwenye duka la vipuri, na aliamini kwamba kila swali lina risiti. Pasta Owino wa kanisa lao aliitwa asimamie. Chepkurui alikuja kama jirani, na Bosire alikuja na daftari la picha za makochi, endapo mambo yangeisha vizuri.

"Shemeji," alisema Nyamweya akijipanga kwenye benchi, "mimi si mtu wa maneno mengi. Ulisimama kanisani?"

"Nilisimama."

"Ukasema?"

"Nikasema nimerithi."

"Amekiri," alisema Nyamweya kwa wazee.

Pasta Owino akainua mkono. Yeye alikuwa mtu wa kando ya ziwa, na lugha ya mama yake ina dh na th zote mbili. Wiki nzima alikuwa na shaka, lakini paa la kanisa lilikuwa linavuja, na shaka inayoweza kuezeka paa watu huiacha ikomae kwanza. Sasa alimwona Elmina ameshika sanduku, na dhamiri ikamchoma.

"Subirini. Mathew, kuna neno la dh na kuna neno la th. Wewe ulimaanisha kuridhi, ama kurithi?"

"Kurithi!"

"Sasa hiyo ni ipi?"

"Hiyo ya kwanza!"

"Weka ulimi katikati ya meno, halafu unguruma. Dhhh."

Mathew akaweka ulimi katikati ya meno. Akavuta pumzi. Kilichotoka kilimfikia Nyamweya usoni chote, na hakikuwa herufi. Nyamweya alitoa kitambaa, akajifuta polepole.

"Basi aandike," alisema mzee mmoja. "Mdomo unaweza kukosea. Kalamu haikosei."

Wakamletea karatasi. Mathew aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa karani, kama alivyotamka maisha yake yote: *nimerithi*. Karatasi ikazunguka. Elmina aliisoma akaiweka mapajani, na hakumtazama mumewe tena.

"Alimaanisha ameridhika," alisisitiza Pasta Owino. "Yaani moyo umetulia. Hataki kitu. Nawaambia kama mtumishi."

Nyamweya alifikiri. "Sawa, Pasta. Tuseme ni hiyo yako. Ameridhika. Mimi nauliza kama mfanyabiashara: mtu anaridhika na nini kama hana kitu? Lazima kuna kitu. Atuonyeshe hicho kinachomridhisha."

Hata pasta alionekana kutaka kujua.

Mathew akasimama. "Nitawaonyesha," alisema. "Lakini Mama Dorine ataenda na mimi. Kwa baiskeli."

Elmina aliiweka ile karatasi kando. Kisha akajifunga leso kiunoni, akatoka nje, akaketi kwenye kiti cha nyuma cha blakimamba, uso ukiwa umeelekea kwingine.

Msafara huo bado unasimuliwa. Mbele ilikwenda baiskeli moja yenye watu wawili wanene kiasi. Nyuma yake zilifuata boda boda tano zilizobeba Nyamweya na wazee wake, pasta, Chepkurui na Bosire, zikiunguruma kwa mwendo wa mazishi, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpita mrithi. Walipofika kwenye barabara ya marram ya kampuni, wanaume wawili wenye baiskeli za gia wakajiunga, mmoja na kaptura yake.

Mlima ulianza. Elmina alisubiri mumewe ashuke asukume. Hakushuka. Alisimama juu ya pedeli, mgongo ukapinda, cheni ikalia, na pumzi yake ikaanza kutoka kama ya ng'ombe anayezaa. "Shuka, utakufa," alisema Elmina. Mathew hakuwa na pumzi ya kujibu. Mikono ya Elmina ilimshika mumewe kiunoni bila kutaka, na chini ya shati alisikia moyo wa mtu huyu ukipiga kama mlango unaobishwa na mgeni mwenye habari njema. Wale wa gia ishirini na moja walikuwa tayari wamelala kwenye nyasi.

Kwenye kona ya juu Mathew alisimama, akaegemeza baiskeli, akakaa juu ya jiwe. Chai ilishuka pande zote mbili mpaka ukungu ulipoanzia. Akajifuta uso kwa kofia. Kisha, bila mtu yeyote kusema kitu cha kuchekesha, akacheka.

"Iko wapi?" aliuliza Nyamweya.

"Ni hapa."

"Hapa nini?"

"Hapa ndio huwa napumua. Halafu nateremka."

"Anamaanisha ni shamba hili," alisema Chepkurui kwa sauti ya chini. "Lote."

Nyamweya akaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye jiwe. Wazee walitafuta mawe ya mpaka. Bosire alitoa utepe wake wa kupimia makochi, akamshikisha pasta ncha moja, akaunyoosha juu ya chai. Wakiwa katika hali hiyo alitokea askari wa kampuni, Nyabuto, na rungu lake.

"Nyinyi mnapima nini kwa chai ya watu?"

"Tunaangalia urithi wa shemeji," alisema Nyamweya.

Nyabuto alimtazama Mathew. "Huyu? Huyu namjua. Anakaa hapo kila jioni anahema, halafu anaenda. Siku moja nilimwomba soda akanipa nusu ya mahindi. Hana kitu huyu."

"Ndivyo atakavyosema," alisema Chepkurui. "Amelipwa."

Lakini Elmina hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anamtazama mumewe juu ya jiwe. Uso huo aliwahi kuuona siku ya pikapu mpya, ukiwa na hofu ya mkwaruzo wa kwanza. Aliuona kila bonasi, miaka ile ya zamani, ukiwa na hesabu. Sasa haukuwa na kitu kabisa. Mtu mwenye mali ya kuficha hawezi kuwa na uso mtupu hivyo mbele ya wazee wa ukoo wa mkewe.

"Kaka," alisema, "rudi nyumbani."

"Lakini bado hatujapima upande wa—"

"Rudi nyumbani, nimesema. Huyu mtu hana kitu. Ni mjinga tu, na ni wangu."

Akapanda kwenye kiti cha nyuma. Mathew alitoa miguu kwenye pedeli, na wakateremka hivyo, Elmina akipiga kelele njia nzima kwamba watakufa, leso ikimfuata kama bendera. Sanduku lilirudi chumbani jioni hiyo. Friji Elmina bado anaitaka, na husema hivyo karibu kila siku, ila sasa huisema bila uchungu, kama mtu anayetaja jina la mji ambao hajawahi kufika.

Kijiji hakikuamini. Baiskeli za gia zilikuwa zimetundikwa kwenye mabanda kufikia Februari, kuku wakilala juu yake, lakini uvumi haukutundikwa. Ilisemwa kwamba mrithi alileta wapimaji. Neno hilo lilipanda mpaka ofisi ya shamba, na ofisi, iliyokuwa na ripoti ya askari kuhusu watu saba na utepe wa kupimia, haikuona mzaha ndani yake. Ikaandika barua kwa "Bw. Mathew Kiplangat, anayedai kuwa mrithi", ikimzuia kuingia au kupita katika ardhi ya kampuni kwa miguu au kwa chombo chochote. Mathew alikwenda ofisini kujieleza. Alieleza kwa dakika tano kwamba hakuwa amerithi bali alikuwa amerithi, wakamwonyesha mlango.

Kumbakiza Elmina kulimgharimu Mathew barabara ile. Sasa huzunguka kwa lami, kilomita kumi na mbili zaidi kila siku, pembeni ya malori ya majani, na njia nzima hakuna mahali pa kukaa.